Kujenga Umbo kutokana na Picha: Sanamu ya Bamiyan

Mnamo Machi 2001, sanamu kubwa ya Budha iliyochongwa katika jabali la Bamiyan, Afghanistan, ilivunjwa kwa baruti. Kimo chake kilikuwa kama mita 53. Pakabaki shimo tupu na kifusi. Baadaye wataalamu Armin Gruen, Fabio Remondino na Li Zhang, wa chuo kikuu cha ETH mjini Zürich, waliiunda upya ndani ya kompyuta kwa kutumia picha za zamani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ilivyowezekana, na mahali ilipokwama.

Picha moja haina kina. Nukta iliyo pichani yatuambia tu kwamba kitu kiko mahali fulani katika mstari utokao kwenye kamera. Haisemi kiko umbali gani. Nukta iyo hiyo ikionekana katika picha iliyopigwa kutoka mahali pengine, twapata mstari wa pili, na pale mistari ikutanapo ndipo kitu kilipo. Lakini yapasa kujua kamera ilisimama wapi, ilielekea wapi, na lenzi yake ni ya namna gani. Yasipojulikana, hayo hutafutwa kwa hesabu kutokana na nukta nyingi zionekanazo katika picha zote. Hata hapo umbo laweza kuwa sahihi na ukubwa wake usijulikane, mpaka kitiwe kipimo kimoja cha hakika.

Wataalamu hao walikuwa na picha za intaneti, picha za watalii, na picha tatu alizopiga Robert Kostka wa Austria mwaka 1970 kwa kamera maalumu ya upimaji. Zile za intaneti zilitoka katika kamera zisizojulikana, za nyakati na mianga mbalimbali. Msomaji aliyewahi kuhariri utenzi kwa kulinganisha miswada atalitambua tatizo hili: wingi wa nakala si ubora wa ushahidi. Umbo lililoaminika zaidi lilitokana na zile tatu za Kostka.

Hata hivyo, kompyuta ilipoachiwa kulinganisha nukta yenyewe, mikunjo ya vazi ililainika ikatoweka. Kisa chake ni kwamba programu hulinganisha vijisehemu vya picha ikichukulia kila kimoja kuwa bapa. Penye ukingo mkali dhana hiyo huvunjika. Na mikunjo hiyo ndiyo iliyokuwa na ufundi mwingi: mafundi waliifinyanga kwa udongo juu ya kamba zilizoshikizwa mwambani. Ikabidi watu wapime mkunjo mmoja mmoja kwa macho yao, na vazi likarudi.

Uso haukurudi. Sehemu yake kubwa ilikuwa imekwisha kutoweka zamani kabla ya Kostka kufika Bamiyan, na katika kompyuta pia Budha yule hana uso.