Usukani Hurithiwa, Afya Hutunzwa

Ndugu msomaji, tazama vitu vilivyomo katika duka la kijiji chako. Kuna chumvi, sabuni, sukari na betri za tochi. Tazama na mfuko wa mbolea uliopeleka shambani. Vitu hivyo havina miguu. Vimeletwa na lori, na lori limeletwa na dereva. Wakati yeye anaendesha, wewe ulikuwa umelala.

Leo, katika ukurasa wetu wa afya, tutazungumza juu ya mtu huyo. Tutaona kazi yake, jamaa yake na maradhi yanayomwandama. Huenda dereva ni mume wako, mwanao au shemeji yako. Soma polepole. Akirudi nyumbani, msomee na yeye.

KAZI YA UKOO

Zahanati ninayofanyia kazi iko karibu na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Madereva wengi huja kwetu kutibiwa. Mmoja wao ni mzee aliyeendesha malori kwa zaidi ya miaka 40 kabla ya kupumzika. Huniita daktari, ingawa mimi ni mganga wa zahanati tu na umri wangu ni wa mjukuu wake.

Kwao gari ni kazi ya ukoo, kama uvuvi au uhunzi ulivyo kwa wengine. Baba yake alikuwa utingo, kisha akawa dereva. Yeye naye alianza kama utingo wa baba yake. Leo mwanawe wa kwanza anaendesha semitrela. Wa pili ni fundi wa magari. Mkewe huwapikia madereva kando ya barabara. Nyumba yote hiyo inakula kwa gurudumu.

Baba wa mzee huyu alianza kazi katika siku ngumu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao bila kuwajali Waafrika walio wengi. Njia ya Zambia ya kupata mafuta kupitia kusini ikafungwa. Ikabidi mafuta yapitie Dar es Salaam. Malori yalipeleka mapipa ya mafuta Zambia na kurudi na shaba.

Siku hizo sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo. Masika malori yalizama katika matope. Kiangazi vumbi lilimzuia dereva asione lori lililo mbele yake. Ajali zilikuwa nyingi, hata barabara ikaitwa njia ya jehanamu. Baadaye, kati ya mwaka 1968 na 1973, barabara ilijengwa upya kwa lami. Bomba la mafuta lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa kwa nchi zetu mwaka 1976. Lakini malori hayakwisha. Hata leo yanapita usiku na mchana.

Mzee hakusoma udereva darasani. Alifunga turubai, alibadili magurudumu na kulala juu ya mzigo ili kuulinda. Lori liliposimama mlimani, yeye aliruka chini na kuweka kabari nyuma ya gurudumu. Alijifunza kusikiliza injini kama mganga anavyosikiliza kifua. Baba yake alimfundisha jambo moja ambalo naye amemfundisha mwanawe: katika mlima Kitonga, mkoani Iringa, gia ndogo huingizwa kabla ya kuanza kuteremka. Anayeteremka kwa gia huru ili kuokoa mafuta, au anayetegemea breki peke yake, breki zitapata moto na kushindwa kukamata. Hapo amechelewa.

Ndugu msomaji, shika hekima hiyo. Mwili nao una mteremko wake.

PRESHA HAIPIGI HODI

Baba wa mzee alianguka siku moja akiwa nyumbani. Mdomo ulipinda, mkono na mguu wa upande mmoja ukalegea. Jamaa walisema amerogwa. Wakahangaika huku na huko kutafuta aliyemroga. Hakuna aliyewahi kumpima presha, yaani shinikizo la damu. Hakuendesha tena.

Ule ulikuwa ugonjwa wa kiharusi. Damu huacha kufika katika sehemu ya ubongo, au mshipa hupasuka ndani ya kichwa. Presha ya juu ni chanzo kikubwa cha kiharusi.

Miaka mingi baadaye mzee mwenyewe alikuja zahanati kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Tulimpima presha. Ilikuwa 190 kwa 110. Mzee alishangaa, kwa sababu hakuumwa kichwa wala hakusikia kizunguzungu. Presha ndivyo ilivyo. Watu wengi wanayo na hawasikii lolote. Haionekani kwa macho. Huonekana kwa kipimo tu. Ikipimwa siku mbalimbali na kukutwa 140 kwa 90 au zaidi, mtu huyo anahitaji matibabu.

Tangu siku hiyo mzee anakunywa dawa kila siku. Kisha akauliza swali zuri: je, mwanangu naye? Ni kweli, presha hufuata ukoo. Tena kazi ya udereva huichochea. Dereva hukaa kutwa nzima, hulala kidogo, hula supu yenye mafuta na nyama ya kuchovya katika chumvi. Wengine huvuta sigara moja baada ya nyingine.

Kijana alikataa kupimwa. Alisema ana nguvu. Lakini sababu yake ya kweli ilikuwa nyingine. Aliogopa kwamba mwenye gari akisikia ana ugonjwa, atampa mtu mwingine usukani. Hofu hiyo si ya kucheka. Mtu ana watoto na ada za shule. Mzee alimjibu kwa kumkumbusha babu yake: dereva anayekunywa dawa huendelea kuendesha, lakini aliyepooza hashiki tena usukani. Kijana alikuja. Tulimpima siku tatu mbalimbali, na presha ilikuwa juu kila siku. Ana umri wa miaka 34. Sasa anatibiwa, na bado yuko kazini.

Basi fanyeni hivi:

1. Dereva apimwe presha angalau mara moja kila mwaka, hata kama haumwi.

2. Akipewa dawa asiziache kwa kuwa amejisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazitumia. Achukue dawa za kutosha safari nzima.

3. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mmoja isizidi kijiko kimoja cha chai. Hesabuni na ile iliyopikwa ndani ya chakula.

4. Kila anaposimama, ashuke na kulizunguka lori kwa miguu. Hukagua magurudumu, na mwili nao hupata mazoezi.

5. Mtu akipinda uso, akilegea mkono au akishindwa kusema vizuri ghafla, mkimbizeni hospitali saa ile ile. Msimpe chakula wala kinywaji. Msingoje asubuhi.

Mke wa mzee naye ametusaidia. Ameondoa kikopo cha chumvi mezani. Siku hizi anapika maharage, mchicha na samaki, na anauza ndizi na machungwa. Mwanzoni madereva walinung'unika. Sasa wanazoea.

USINGIZI HAUNA BINGWA

Watu husema ajali haina kinga. Mimi sikubali. Ajali ya usingizi ina kinga, nayo ni kulala.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila siku. Aliyekesha usiku na mchana huendesha kama mlevi, hata kama hakuonja pombe. Saa za hatari zaidi ni kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri. Baada ya chakula cha mchana pia mwili hudai kulala.

Dalili zake ni hizi: miayo mingi, macho mazito, gari kuhama upande wake, na dereva kutokumbuka kilometa chache alizopita. Kufungua dirisha hakusaidii. Kuimba hakusaidii. Chai au kahawa husaidia kwa muda mfupi tu. Mirungi ni marufuku nchini Tanzania, tena humdanganya mtu. Ikiisha nguvu, usingizi uliozuiwa humwangukia kwa pamoja.

Dereva aliyechoka aegeshe lori nje kabisa ya barabara, alale. Hata dakika 20 zinaweza kumsaidia afike mahali pa kulala vizuri. Asimpe usukani utingo asiye na leseni. Nawe mke wa dereva, usimpigie simu kila mara kumhimiza awahi. Mwenye mali naye asidai mzigo ufike kesho kama njia inataka siku mbili. Mwenda pole hajikwai.

MAJI, DIZELI NA MAPENZI YA NJIANI

Madereva wengi hawanywi maji, kwa sababu hawataki kusimama ili wakojoe. Mwili ukikosa maji, mkojo huwa wa rangi nzito, na mawe yanaweza kujijenga katika figo. Maumivu yake ni makali sana. Dereva awe na dumu la maji safi ndani ya gari, anywe kidogo kidogo.

Jambo la pili ni kunyonya dizeli kwa mpira ili kuitoa katika tangi. Utingo wengi hufanya hivyo. Dizeli ikiingia katika mapafu inaweza kuua. Tumieni pampu ya mkono. Mtu akiimeza, msimtapishe, kwa kuwa ikipanda tena inaweza kuingia mapafuni. Mpelekeni hospitali upesi.

Jambo la tatu tuliseme bila kuoneana haya. Dereva hukaa mbali na nyumbani, na mpakani anaweza kungoja kwa siku nyingi. Virusi vya UKIMWI havichagui kazi. Huwapata madereva, wakulima na hata sisi waganga. Mke na mume wapime pamoja. Kondomu zitumike. Atakayekutwa na virusi, dawa zake hutolewa bure, naye anaweza kuishi miaka mingi. Akizitumia vizuri hadi virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

LORI LA MAFUTA LIKIPINDUKA

Neno hili ni kwa sisi tunaokaa kando ya barabara. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka mjini Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 walikufa. Ndoo moja ya petroli haina thamani ya mtu.

Ukiona lori la mafuta limeanguka, kaa mbali na ondoa watoto. Usiwashe sigara wala pikipiki. Piga simu Zimamoto, namba 114. Kama dereva ametolewa, mtunze. Usimpekue mifuko. Huyo ni baba wa watu.

Ndugu msomaji, baba humpa mwanawe jembe, nyavu au usukani. Hilo ni jambo jema. Lakini baba mwenye busara humpa pia habari za maradhi ya ukoo, ili mwana akapimwe mapema. Zungumzeni nyumbani. Nani katika ukoo wenu alipooza? Nani alikufa ghafla? Mwelezeni mganga wenu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini dereva asiyeumwa apimwe presha?

2. Taja dalili tatu za usingizi barabarani. Dawa yake ni nini?

3. Katika kijiji chenu, nani anaweza kumsaidia dereva asiharakishwe, na kwa njia gani?