Kibarua Kuota Nyasi kwa Dakika Mbili

Mwishoni mwa Machi 2020, wafanyakazi 406 wa Bird, kampuni ya Marekani inayokodisha skuta za umeme mitaani, waliitwa kwenye mkutano wa Zoom. Walioingia hawakukuta uso wa mtu. Kwenye skrini palikuwa na bango lenye jina la Covid-19, kisha sauti ya mwanamke ikaanza kusoma kwamba kazi zao zimekwisha. Baada ya kama dakika mbili sauti ikakatika, na kompyuta za kampuni walizokuwa nazo majumbani zikaanza kujifunga. Katika visa vya kufukuza watu kwa mamia ninavyovijua, hicho ndicho kifupi kuliko vyote.

Vishal Garg wa Better.com, kampuni ya mikopo ya nyumba, alikikaribia tarehe 1 Desemba 2021: watu wapatao 900, dakika zipatazo tatu. Yeye angalau alionyesha uso. Lawama zilipomzidi akaomba radhi, akapumzika kidogo, akarudi kitini. Machi 2022 kampuni hiyo hiyo ikapunguza wengine wapatao 3,000, na safari hii hata Zoom ilichelewa. Baadhi yao walifungua mfumo wa mishahara wakakuta malipo ya kuachishwa kazi yameshaingizwa, kabla mtu yeyote hajawaambia neno. Sijui tuiite barua au risiti.

Kenya husema mtu amepigwa kalamu. Msemo huo una staha yake, kwa sababu kalamu inadai mkono: mtu akae, aandike jina lako, atie saini. Mei 2003 kalamu iliwekwa chini. The Accident Group, kampuni ya Manchester iliyokuwa ikiwatafutia fidia watu waliopata ajali, ilifilisika, na wafanyakazi wake wapatao 2,500 wakapata habari kwa meseji za simu kwamba mshahara haupo. Sijui meseji nyingine ya aina hiyo iliyoingia mifuko mingi kiasi hicho kwa mpigo. Agosti 2006 RadioShack, muuza redio na simu wa Texas, akatumia barua pepe kwa watu wapatao 400 wa makao yake makuu. Ilieleza kwamba nafasi zao ni miongoni mwa zilizoondolewa, bila kusema nani kaziondoa.

Rekodi ya urefu nampa Stephen Elop wa Microsoft. Julai 2014 aliwaandikia waliotokea Nokia barua ya maneno zaidi ya 1,000. Alianza kwa salamu ya kirafiki, akazunguka kwenye mikakati na aina za simu, na alipofika aya ya 11 ndipo akataja kwamba watu 12,500 wangeondoka. Mbinu hiyo tunaijua: mgeni kaja na habari ya msiba, anaanza na mvua na mahindi. Ila mgeni yule kakaa mkekani kwako, na akimaliza unaweza kumuuliza marehemu aliumwa nini.

Kwa ukubwa wa idadi, tangazo la IBM la Julai 1993, watu 60,000, bado hutajwa kuwa kubwa kuliko yote ya kampuni moja nchini Marekani. Kwa uzembe, chukua Aviva Investors ya Uingereza: Aprili 2012 barua pepe ya kumuaga mfanyakazi mmoja ilitumwa kwa wafanyakazi wote, wapatao 1,300 duniani. Ilimkumbusha kila mmoja arudishe mali ya kampuni na asitoe siri. Radhi ilifuata haraka. Nahisi hata hivyo wapo waliokwisha kukunja picha za watoto mezani.

Kisa kinachonikalia moyoni ni cha P&O Ferries, kampuni ya feri ya Uingereza. Tarehe 17 Machi 2022 meli zake ziliamriwa zibaki bandarini, na mabaharia 786 wakaonyeshwa video iliyorekodiwa mapema: leo ndiyo siku ya mwisho. Mabaharia wa wakala walikuwa wameshaletwa bandarini kushika nafasi zao. Kule Hull wafanyakazi wa Pride of Hull wakapandisha ngazi na kugoma kushuka. Wiki moja baadaye mkurugenzi mtendaji, Peter Hebblethwaite, aliketi mbele ya wabunge akakiri kwamba walijua sheria inawataka washauriane na vyama vya wafanyakazi kwanza, na wakaamua kutofanya hivyo, kwani hakuna chama ambacho kingekubali. Kwa ukweli mtupu sijaona wa kumfikia. Mabaharia wapya, alisema, wangelipwa wastani wa pauni 5.50 kwa saa. Mwenye kampuni ni DP World ya Dubai, jina ambalo Watanzania walilizoea mwaka 2023 kwenye mjadala wa bandari ya Dar es Salaam.

Kilichorukwa na wakuu wa meli hizo, muda wa kushauriana, ndicho kiini cha notisi. Sheria ya Marekani iitwayo WARN, ya mwaka 1988, ambayo Rais Reagan aliiacha ipite bila saini yake, inadai siku 60 kwa waajiri wa watu 100 au zaidi. Jimbo la New York linadai 90. Makampuni mengi hulipa mishahara ya siku hizo na kufunga milango asubuhi hiyo hiyo. Twitter ilifanya hivyo Novemba 2022 ilipoondoa karibu nusu ya watu wake kwa barua pepe. Fedha inafika, muda wa kuuliza haufiki.

Kwetu karatasi inasema vizuri zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atangaze nia mapema, atoe taarifa, na ashauriane kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo. Wasipoelewana, shauri linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Kenya inadai notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, pamoja na mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Kenya Airways ilipopunguza wafanyakazi 599 mwaka 2012, mahakama zilikubali kwamba utaratibu haukufuatwa. Kurudi kazini, Mahakama ya Rufani ikakataa.

Rekodi ya kusubiri iko hapa hapa nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na maelfu ya watu wa reli, bandari, posta na ndege wakabaki bila mwajiri. Zaidi ya miaka 30 baadaye wazee wa Tanzania walikuwa bado wanadai mafao yao mahakamani na barabarani Dar es Salaam, na mafaili ya baadhi yao yakishikwa na warithi.