Mafuta ya Akiba Unapovuta Trela: Piga Hesabu Kwanza, Kisha Ujaze Mtungi

Kutoka Isiolo hadi Moyale kupitia Marsabit barabara ni ya lami, na dereva hapati taabu kubwa kupata mafuta mijini. Taabu huanza gari linapoacha lami. Kuelekea Loiyangalani, North Horr au Illeret, vituo vya mafuta ni vichache na vimeachana sana. Kwingine mafuta huuzwa kwa mitungi, na kuna siku hayapatikani kabisa.

Ndiyo maana wengi wanaovuta trela hubeba mafuta ya akiba. Wapo wanaovuta trela la mizigo au mifugo, na wapo wageni na familia wanaovuta trela lenye vitanda na jiko, ambalo hulala ndani yake wakifika ziwani. Kubeba akiba ni busara. Lakini mtungi uliojazwa vibaya au kuwekwa mahali pabaya unaweza kuteketeza gari pamoja na waliomo. Makala haya yanaeleza namna ya kubeba kiasi unachohitaji tu, bila kuhatarisha maisha.

Unahitaji lita ngapi?

Trela huongeza uzito na huzuia upepo, kwa hivyo injini hutumia mafuta mengi zaidi. Mchanga, mawe na miinuko huongeza matumizi hayo. Usikisie. Kabla ya safari, jaza tangi hadi juu, vuta trela likiwa na mzigo wake kwa kilomita 100, kisha ujaze tena. Lita ulizoongeza ndizo gari lako linazotumia kwa kilomita 100.

Tuchukue mfano wa safari ya kilomita 250 kwenda na 250 kurudi. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita moja bila trela litahitaji takriban lita 63. Likivuta trela kwenye barabara mbovu na kushuka hadi kilomita 5 kwa lita, litahitaji lita 100. Ongeza robo kwa ajili ya kupotea njia, kukwama au kuzunguka lugga iliyofurika: jumla ni lita 125. Ikiwa tangi lako hubeba lita 90, unahitaji akiba ya lita 35. Hiyo ni mitungi miwili ya lita 20, kila mmoja ukiwa na lita 18. Mtungi wa tatu na wa nne ni uzito na hatari bila faida.

Ukipunguza mwendo pia unaokoa mafuta, na trela halitayumba.

Mtungi gani?

Tumia mtungi uliotengenezewa mafuta ya gari, wa chuma au wa plastiki nzito, wenye kifuniko chenye mpira usiovuja. Mtungi wa mafuta ya kupikia au wa maji haufai. Plastiki yake ni nyepesi, hulegea kwa joto, na kifuniko chake huachia kwa mtikisiko. Isitoshe, mtoto au mgeni anaweza kudhani kilichomo ni maji ya kunywa. Andika kwa herufi kubwa PETROLI au DIZELI.

Usijaze mtungi hadi mdomoni. Mji wa Marsabit uko mlimani, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi huwa na baridi. Ziwa Turkana liko chini ya mita 400, na joto lake mnalijua. Petroli ya lita 20 ikipanda joto kwa nyuzi 20 huongezeka kwa karibu lita 0.4, na mvuke wake husukuma mtungi kutoka ndani. Mtungi uliojazwa pomoni mjini utavimba na kuvuja kabla hujafika ziwani.

Unapojaza kituoni

Zima injini na ushushe mtungi chini. Usiujaze ukiwa juu ya pikapu au ndani ya buti. Mafuta yanapotiririka huzalisha umeme tuli, hasa penye hewa kavu kama ya kwetu. Mtungi ukiwa ardhini, umeme huo hupata njia ya kutoka. Ukiwa juu ya plastiki au zulia la gari, unaweza kurusha cheche. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa mtungi muda wote, na mafuta yaingie polepole.

Uuweke wapi?

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni na kukusanyika mahali palipofungwa. Ukikutana na jiko, sigara au friji ya gesi, huwaka, na moto hurudi hadi kwenye mtungi. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali. Dizeli ni tulivu zaidi, lakini nayo huwaka.

Kwa hivyo mafuta yasiwekwe kamwe ndani ya gari lenye abiria wala ndani ya trela ambamo watu hulala au kupika. Mahali bora ni nyuma ya pikapu iliyo wazi, mtungi ukiwa wima, umefungwa kwa mikanda na kufunikwa kwa turubai jepesi linalopitisha hewa. Kama gari lako limefungwa pande zote, fundi anaweza kuchomelea fremu ya chuma nje ya trela, upande wa mbele, yenye kinga ya mawe na iliyo mbali na mtungi wa gesi.

Usifunge mitungi juu ya paa, kwa sababu huongeza uwezekano wa gari kupinduka. Usiifunge nyuma kabisa ya trela pia. Uzito wa nyuma hulifanya trela kuyumba, na gari likikugonga kwa nyuma, mafuta ndiyo yatakayogongwa kwanza.

Mkifika kambini

Ongeza mafuta kwenye tangi kabla ya kuwasha moto wa kupikia, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Tumia faneli yenye kichujio. Usivute mafuta kwa mdomo kwa mpira. Aliyemeza petroli asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe maziwa ili atapike, akimbizwe hospitalini. Mtungi mtupu nao ni hatari, kwa kuwa umejaa mvuke. Ufunge vizuri na uuhifadhi kama uliojaa.

Moto ukitokea

Kizimamoto cha poda kikae karibu na dereva. Usimwage maji kwenye mafuta yanayowaka, maana yatausambaza moto. Moto ukikushinda, toa watu na uache mali. Piga 999 au 112.

Na ukikuta gari limepinduka na mafuta yanamwagika, kaa mbali na uwazuie wengine. Tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa Sachang'wan, karibu na Molo, baada ya lori la petroli kupinduka na wananchi kwenda kuchota. Cheche moja ilitosha.

Kumbuka pia kwamba akiba ya safari yako si bidhaa. Anayetaka kuuza petroli anahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA.

Kabla ya kuondoka, hakikisha:

• Umepima matumizi ya gari likiwa na trela.
• Mitungi ni ya mafuta, ina nafasi juu na haivuji.
• Mitungi iko nje, wima, imefungwa, mbali na gesi na jiko.
• Kizimamoto kipo na hakijapitwa na wakati.
• Mtu uliyemwacha nyumbani anajua njia utakayopita na siku utakayofika.