Mali bila Daftari



Mwaka uliopita, siku chache kabla ya Ramadhani, wazazi kadhaa walinipigia simu wakiwa wamefadhaika. Walikuwa wamefungua tovuti ya madrasa yetu kutazama ratiba ya darsa, wakakuta matangazo ya kamari. Hakuna aliyetuibia jina letu; tulilipoteza wenyewe.

Jina la tovuti halinunuliwi kama shamba, bali hupangwa kama nyumba. Majina yanayoishia na .com au .org hulipiwa kwa mwaka mmoja hadi 10, na muda ukimalizika pasipo malipo, haki ya mwenyewe huondoka. Letu lilisajiliwa na kijana aliyejitolea, kwa jina lake mwenyewe na kwa anwani ya barua pepe ya chuo alichosoma. Alipohitimu, anwani ile ilifungwa. Kadi yake ya benki nayo ikaisha muda. Maonyo ya msajili, ambayo kwa kanuni hutumwa yapata mwezi mmoja na tena wiki moja kabla ya tarehe, yalikwenda pasipo na msomaji.

Wakubwa nao hawakusalimika. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia passport.com, na huduma ya Hotmail ikavurugika, hata Mmarekani mmoja, Michael Chaney, akalipa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe.

Tarehe ikipita, mlango haufungwi papo hapo. Wasajili wengi huacha siku kadhaa za kulipa. Jina likishafutwa, zipo siku 30 za kulikomboa, aghalabu kwa ada kubwa zaidi. Kisha siku 5, halafu huwa la yeyote atakayewahi. Wako pia wasajili wanaolinadi mapema. Sisi tulizinduka wakati yote hayo yamekwisha pita.

Basi kila chama kizingatie haya. Jina lisajiliwe kwa jina la chama, na viongozi wawili wawe na nywila. Anwani ya barua pepe ya usajili isitegemee jina hilo hilo, kwani likizimika, na barua huzimika. Lipieni miaka kadhaa, na mhakikishe kadi ingali hai. Ombeni jina litiwe kufuli lisihamishwe bila idhini. Mkiletewa barua mfano wa ankara kutoka kwa kampuni msiyoijua, msilipe kabla ya kumwuliza msajili wenu. Na tarehe ya mwisho iandikwe katika daftari la mikutano.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumekwisha pata jina jingine, lakini lile la zamani lingali limepigwa chapa katika majuzuu ya watoto. Juzi mwanafunzi wa miaka tisa aliniuliza, "Mwalimu, kwani madrasa yetu inachezesha kamari?" Nilimjibu kuwa sivyo, kisha nikachukua kalamu, nikaanza kulifuta jina lile, juzuu moja baada ya nyingine.