Mikono ya Kiwanuka

Njooni kivulini, wanangu. Kabalagala zimepoa, kila mmoja achukue moja. Ndizi mbivu, unga wa muhogo, mafuta ya moto. Jina lake ndilo jina la mtaa wetu.

"Mjomba, yule mchezaji Mmarekani, kwa nini anaitwa Kiwanuka?"

Swali zuri sana hilo! Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, kisha Jaji Mkuu. Askari wa rais Idi Amin walimchukua mahakamani mwaka 1972, hakurudi tena. Mjukuu wake Mathias alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1983.

"Alicheza mpira kama wetu?"

La. Mpira wa Wamarekani una ncha mbili, kama papai changa, na hubebwa mikononi. Timu hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10, kama kutoka mlango wa jikoni hadi mwembe ule. Ikishindwa, mpira wanapewa wenzao. Kazi ya Mathias katika timu ya New York Giants ilikuwa kumkamata mrushaji kabla hajarusha. Mmewahi kumkimbiza kuku uani jioni? Ndiyo kazi hiyo.

"Kuku hakumponyoka?"

Mwerevu wewe! Alimponyoka. Ilikuwa Novemba 2006, mwaka wake wa kwanza. Giants waliongoza 21 kwa 0, kisha Tennessee Titans wakaanza kuwafuata mbio. Ikafika nafasi ya nne, ile ya mwisho. Mathias akamkumbatia mrushaji, Vince Young. Kamshika! Kamshika kabisa! Halafu akamwachia.

"Kwa nini, Mjomba?"

Alidhani mpira umeshatoka, na kumwangusha aliyekwisha kurusha ni kosa. Kumbe mpira bado uko mikononi mwa Young, unanong'ona: "Nipo! Bado nipo!" Young akatimua mbio. Giants wakafungwa 24 kwa 21.

Mimi simlaumu. Mikono ile iliogopa kuvunja sheria, basi.

Mwaka 2007 akavunjika mguu. Giants wakatwaa Super Bowl, fainali yao kuu, Februari 2008, yeye asicheze. Mwaka 2010 akaumia shingo.

"Akaacha?"

Hakuacha. Februari 2012 Giants wakaingia fainali tena. Ilichezwa mji gani? Indianapolis! Kule kule alikozaliwa. Giants 21, Patriots 17. Na safari hii, wanangu, Kiwanuka alikuwa uwanjani.