Jazz ya Mkonge, Bando la Usiku

Oya mwanangu, tuanze na aibu, raha itafuata yenyewe. Masela wamejaa geto pale Chanika ya Handeni, spika imeshaunganishwa bluetooth, na wewe unataka waelewe kwamba hujakwama kwenye singeli tu. Unaachia Atomic Jazz. Gitaa linaingia. Vichwa vinatikisika. Kuna dada kainua macho kutoka kwenye simu yake, kitu ambacho hajafanya tangu afike. Halafu katikati ya solo bwana mmoja mwenye sauti nzito anapasua: wasikilizaji, ni saa mbili kamili usiku. Kwisha habari yako. Huyo ni mtangazaji wa redio, amekatiza gitaa enzi hizo maza wako bado anacheza kombolela, na leo anakukatizia na wewe.

Faili hilo umelitoa wapi? Kwa anko. Kila ukoo una anko wa kusambaza. Wimbo ulirekodiwa kutoka redioni kwa kaseti, kaseti ikarekodiwa kwa simu, simu ikabana faili mpaka besi ikahama nchi. Anko analirusha kwenye grupu la familia saa kumi na moja alfajiri, chini ameandika: "Huu ndio muziki, nyie watoto mnapiga kelele." Anko, besi iko wapi? Sauti ya waimbaji wa Tanga imebaki kama mtu anaongea ndani ya pipa, halafu huyo huyo ndiye mwalimu wetu wa muziki mzuri? Kausha, anko.

Msimamo wangu ni huu: nunua. Tafuta albamu ambayo haichapishwi tena, lipia, daunlodi, iwe yako. Faili safi, lenye besi, lenye jina la aliyepiga gitaa. Mwaka huu sijaona kitu kikali zaidi ndani ya simu ya mtu wa Handeni au Korogwe. Si raba, si fade ya kinyozi wa stendi, si iPhone ya mkopo. Jazz ya Tanga iliyolipiwa, mwana. Hapo umetisha.

Na hii jazz ni ya kwetu kabisa, usiogope jina. Miaka ya 1950 mkoa huu wa Tanga ulikuwa mkonge mwanzo mwisho. Mashamba ya Ngombezi na Mazinde, unayoyaona ukiwa kwenye basi unatafuna mahindi, yalivuta manamba kutoka pande zote za nchi. Wanyamwezi wakaja mpaka Tanga, na miongoni mwao ikazaliwa bendi iliyoitwa Young Nyamwezi. Baadaye ikabadili jina ikawa Jamhuri Jazz Band. Upande wa pili wa mji wakawepo Atomic Jazz, wazee wa mtindo wa Kiweke, John Kijiko kwenye gitaa na Steven Hiza kwenye sauti. Hiza! Jina ambalo ukiliita shuleni Handeni wanageuka watu wawili. Magitaa mawili matatu yanapishana, saksafoni inalia juu yake, mdundo una Cuba na una ngoma ya kwetu ndani ya chungu kimoja. Ni muziki wa vijana, mwana. Waliupiga wakiwa na umri wetu, suruali zimebana, nywele zina njia. Dingi anauongelea kana kwamba ulitungwa na wazee wenye bakora. Ulitungwa na masela.

Sasa kuna yule bishoo. Unamjua. Amerudi kutoka Dar, ana tisheti ya Miles Davis, anakwambia yeye ni mtu wa jazz. Kind of Blue, 1959, albamu kali, sibishi hata kidogo. Lakini ile ipo kila kona ya dunia, unabonyeza tu inakuja, hakuna jasho. Muulize kuhusu Jamhuri Jazz. Muulize Mbaraka Mwinshehe alikwenda wapi 1970. Anaanza kuangalia saa. Jibu ni Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na Morogoro Jazz Band. Mchizi kutoka Morogoro, gitaa mkononi, mpaka Japani, kabla hujawa hata wazo. Akafariki Januari 1979 baada ya ajali ya gari Mombasa, ana miaka 34. Bishoo anajua New York, Mwinshehe hamjui. Hiyo ndiyo aibu namba moja ya mtaa huu, hata mtangazaji wa saa mbili kamili ana nafuu.

Kwa nini lakini rekodi za bendi hizi zinasakwa kama almasi? Sikiliza, hapa pana utamu. Kipindi kile bongo haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Bendi ikitaka kurekodi ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, Radio Tanzania Dar es Salaam, wanakurekodi kwenye mkanda mkubwa, wimbo unachezwa hewani nchi nzima inaimba, ila dukani haupo. Ya pili, panda basi uende Kenya. Nairobi walikuwepo Polygram na wenzao, Mombasa ilikuwepo lebo ya Mzuri ya Assanand. Ulichorudi nacho ni santuri ndogo ya mizunguko 45, upande huu wimbo, upande ule wimbo, na mara nyingi wimbo mmoja mrefu umekatwa katikati, nusu huku na nusu kule. Mtu akitaka kuumaliza sharti asimame ageuze. Kwa hiyo bendi nyingi kali za nchi hii hazikuacha albamu. Ziliacha vipande, vingine Nairobi, vingine kwenye mikanda ya serikali, vingine chini ya kitanda cha bibi wa mtu huko Mombo.

Walioviokota vipande wakavipanga kuwa albamu wengi wao ni watu wa mbali. John Storm Roberts, Mwingereza aliyekuwa na lebo ya Original Music huko Marekani, alitoa The Tanzania Sound na baadaye Dada Kidawa, Sister Kidawa, nyimbo za miaka ya 1960. Jamaa alifariki 2009. Lebo yake ilishafungwa, na CD zake sasa ni za kuwindwa. Dizim ya Ujerumani ilitoa Ngoma Iko Huku ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, muziki wa 1955 mpaka 1965. Buda Musique ya Ufaransa wana mfululizo wao wa Zanzibara: namba 3 ni Ujamaa, sauti ya Tanzania ya miaka ya 1960, na namba 10 ni taarabu ya kisasa ya Mombasa na Tanga kuanzia 1970 hadi 1990. Sterns ya London 2011 wakaachia Vijana Jazz, nyimbo za 1975 mpaka 1980, Hemed Maneti anaimba kama ana deni. Jina la albamu ile ni The Koka Koka Sex Battalion. Usilisome kwa sauti bi mkubwa akiwa karibu. Na hiyo, mwanangu, ilikuwa bendi ya umoja wa vijana wa chama tawala! Halafu dingi anasema sisi ndio tumeharibika.

CD zikiisha zimeisha. Wakusanyaji wa Ulaya na Japani wanagombania santuri za 45 kwenye minada ya mtandaoni, wanakamua dola mpaka unahisi kizunguzungu, kwa nyimbo mbili tu! Usiingie huko. Gramafoni huna, sindano yake huna, na umeme ukikatika utaikalia. Faili ndiyo mchongo wetu. Albamu ya kudaunlodi mara nyingi inacheza kwenye dola kumi hivi, yaani misimbazi miwili na buku tano, ongeza au punguza kidogo kulingana na dola imeamkaje. Sahani nane tisa za chipsi mayai. Inauma? Inauma. Ila chipsi mayai kesho asubuhi hazipo, na Maneti bado yupo.

Malipo ndiyo yanawatisha wengi bure. Huhitaji kuwa na akaunti ya benki ya kibosi. Tengeneza kadi ya mtandaoni kwenye hela ya simu, weka kiasi unachotaka tu, lipa, basi. Angalia makato kabla hujabonyeza, maana kuna ya kubadilisha dola na kuna ya muamala, na yakiungana yanakula sahani moja nzima. Duka lenyewe la mtandaoni ni Bandcamp: wanachukua asilimia 15 kwenye albamu ya kidijitali, na kuna Ijumaa maalumu wanazoachia fungu lao liende kwa wasanii na lebo. Nunua siku hiyo kama una roho nzuri. Wanaosaka singeli halali wanalijua chimbo hili, albamu ya Sounds of Sisso ya 2017 kutoka Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliwafungulia njia.

Kusaka nako kuna akili yake. Usitafute jina la wimbo peke yake, utarudishwa kwa anko. Tafuta jina la lebo. Tafuta Jamhuri, tafuta na Jamuhuri, maana Mzungu aliyeandika hakuuliza mtu. Mwinshehe ameandikwa kwa namna ambazo hata mama yake angeshangaa. Kabla hujalipa sikiliza kionjo, vaa earphone, subiri besi. Ikisikika kama imefungiwa stoo, achana nayo. Na ukimsikia mtangazaji, kimbia, hao wamechukua ya redioni wanakuuzia.

Halafu ishu ya uzito. MP3 ya kiwango cha juu, ile ya 320, inakula kama MB 140 kwa saa moja ya muziki. FLAC, ambayo haikati kitu, inaweza kufika mara mbili yake na zaidi. Masela wa kujifanya wanataka FLAC kwenye simu ya GB 16 iliyojaa video za harusi ya binamu. Acha hizo. Shusha FLAC siku ukipata kompyuta, itunze kwenye flashi, simu ipe 320. Subiri bando la usiku, saa saba watu wamelala, mtandao wa Chanika unatembea kama umepigwa upepo. Ukiamka, Atomic wamefika.

Sasa wazee. Dingi wa jirani alisikia nimelipia nyimbo, akacheka mpaka akakohoa. Umenunua hewa, anasema. Enzi zetu tulikuwa tunashika santuri mkononi. Sawa mshua, na santuri zako ziko wapi? Moja iligeuzwa saa ya ukutani, nyingine zilipinda juani, gramafoni ilibadilishwa na baiskeli. Walikuwa na mali mikononi wakaiacha ikafa, leo wanatufundisha kutunza. Hewa yangu iko kwenye simu, iko kwenye flashi, iko kwenye barua pepe ya dada yangu Korogwe. Ikipotea moja, mbili zinacheza. Mshauri wa pili ni yule kijana wa stendi wa kuingiza nyimbo kwenye memori, mia tano unajaziwa mpaka inatapika. Nyimbo mia, zote zimeandikwa "Track 01", na bila shaka saa mbili kamili ipo. Jero yako imekwenda, John Kijiko hajatajwa popote.

Najua utaniuliza: si zipo za kustrimu? Zipo, baadhi. Leo ipo, kesho leseni ya lebo imeisha, wimbo umegeuka rangi ya majivu, hauchezi. Halafu panda Costa kutoka Korogwe uje Handeni, kilomita 65 za lami, uone mtandao unavyokuja na kuondoka kama mdeni. Albamu ya saa moja inatosha safari nzima, na faili lililo ndani ya simu halijali mnara. Mkonge dirishani, Jamhuri masikioni. Niambie kuna video gani ya TikTok inafikia hapo.

Kitu kinachoniuma kweli ni kile kisichouzwa. Ile mikanda ya Radio Tanzania, sasa iko chini ya TBC, Barabara ya Nyerere kule Dar. Hapo ndipo lilipolala fungu kubwa la bendi za nchi hii, bendi za mikoani ambazo hazikupata hata nauli ya kwenda Nairobi. Kuna watu waliwahi kuanzisha mradi wa kuuokoa muziki huo kidijitali, na Rebecca Corey na Amil Shivji wakatoa filamu yao ya Wahenga, 2018, kuhusu muziki huu na waliobaki wakiupiga. Itafute, kali. Lakini mimi nataka duka. Nataka niingie mtandaoni, niandike Tanga, nione orodha, nione bei kwa shilingi, nilipe kwa simu bila dola wala kadi, na hela iende kwa wanamuziki na familia zao. Wazungu wametuuzia muziki wetu kwa heshima, wameandika majina na miaka, nawapa tano. Ila Mtanzania kununua Jamhuri Jazz kwa dola kutoka Paris, wakati mkanda uko kilomita chache kutoka Kariakoo, hilo haliingii akilini. Masela wanaojua kutengeneza app za mikopo ya kausha damu wapo kibao. Watengeneze na hii.

Kwa sasa tunafanya hivi: tunachanga. Watu wanne, kila mmoja atoe buku sita na mia tano, albamu moja kwa mwezi, tunasikiliza wote geto kwa spika kubwa. Mwezi huu ni Ujamaa, mwezi ujao nasimama na Ngoma Iko Huku, atakayepinga aje na hoja. Jumamosi saa moja jioni, Chanika. Njoo na mchango wako na chaja yako. Anko haruhusiwi.