Je, Wajua? Hyderabad, mji wa majina unayoyajua

Je, wajua kwamba ukifika Hyderabad, kusini mwa India, majina mengi ya majengo ya kifalme utayaelewa nusu bila mkalimani? Kiajemi na Kiarabu vilipita huko kama vilivyopita pwani kwetu, vikaacha maneno. Anza na Charminar. Char ni nne. Minar huhitaji kuambiwa. Minara hiyo minne ilisimamishwa mwaka 1591 na Sultani Muhammad Quli Qutb Shah, ndiye aliyeuasisi mji wenyewe. Ndani ya kila mnara mna vidato 149, na ghorofa ya juu ina msikiti. Ila zile saa za pande nne usimpe sultani sifa zake: zilitiwa mwaka 1889.

Hatua chache kutoka hapo pana Gulzar Houz. Houz ni hodhi, basi.

Je, wajua kwamba msikiti wa Mecca Masjid, jirani na Charminar, ulianza kujengwa na ukoo mmoja ukamaliziwa na adui yao? Watawala wa Qutb Shahi waliuanza mapema karne ya 17. Aliyeukamilisha mwaka 1694 ni Aurangzeb, mfalme wa Mughal aliyewapindua. Husimuliwa kwamba matofali ya tao la kati yalifinyangwa kwa udongo ulioletwa kutoka Makka, na ndiko jina lilikotoka.

Ngome ya Golconda ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Simama chini ya kuba, langoni, upige kofi moja tu. Mwenzako aliye Bala Hissar, kileleni, karibu kilomita nzima kutoka ulipo, atalisikia. Kwa hiyo mgeni hakuweza kuingia bila wa juu kupata habari. Mwaka 1687 Aurangzeb aliizingira ngome hiyo kwa miezi minane, mizinga ikishindwa kazi, hadi ofisa mmoja wa ndani alipohongwa akafungua lango. Kofi halimtangazi msaliti.

Sultani wa mwisho, Abul Hasan, alichukuliwa mateka akafia kifungoni. Nenda kwenye makuba ya makaburi ya Qutb Shahi, umbali mfupi kutoka ngomeni: masultani waliomtangulia wamo, yeye hayumo.

Almasi za Golconda, je? Ngomeni hazikuchimbwa. Zilitoka machimbo ya mbali kama Kollur, zikaletwa hapa kukatwa na kuuzwa. Koh-i-Noor, iliyo kwenye taji la Uingereza leo, inahesabiwa miongoni mwa hizo.

Je, wajua kwamba cheo cha watawala waliofuata, Nizam, ni ndugu wa neno letu nidhamu? Nizam-ul-Mulk ni mwenye kuiweka milki katika nidhamu. Walishika mji kuanzia mwaka 1724 hadi 1948. Kasri lao, Chowmahalla, maana yake ni majumba manne. Mahal ni lile lile mahali letu, isipokuwa wao wakisema mahali wanakusudia pa kifalme. Ukumbi wake wa baraza umening'inizwa vinara 19 vya kioo cha Ubelgiji.

Falaknuma nayo utaikisia ukikumbuka elimu ya falaki: ni jumba mfano wa mbingu. Lilijengwa na waziri mkuu Vikar-ul-Umra kuanzia mwaka 1884, likiwa na umbo la nge, nyota yake. Meza ya chakula inakaliwa na watu 101. Gharama zilimlemea waziri, na mwishowe jumba likaingia mikononi mwa Nizam wa sita. Sasa ni hoteli.

Nizam huyo huyo, Mahbub Ali Khan, alikuwa na kabati la nguo lenye ghorofa mbili katika jumba la Purani Haveli. Si kabati la kufungua. Ni la kuingia na kutembea. Inasemekana hakuwa akivaa nguo moja mara mbili. Alipofariki, mwanawe Osman Ali Khan aliokota ndani ya kiatu chake almasi ya Jacob, yenye zaidi ya karati 180, akaigeuza kizuizi cha karatasi mezani. Mwana huyo jarida la Time lilimweka kwenye jalada mwaka 1937 kama tajiri kuliko wote duniani.

Na nyumba yake, King Kothi? Husimuliwa kwamba aliinunua kwa mtu aitwaye Kamal Khan, ambaye herufi zake, KK, zilikuwa zimechongwa kila mlango na kila dirisha. Nizam hakutaka kukaa chini ya jina la mwingine, wala hakutaka gharama ya kubadilisha milango. Akatangaza kuwa KK ni King Kothi, jumba la mfalme. Ubahili wa namna hii unahitaji kipaji.

Je, wajua kuhusu jumba la balozi wa Waingereza, mtaa wa Koti? James Kirkpatrick alianza kulijenga mwaka 1803. Alikuwa amemwoa Khair-un-Nissa, binti wa ukoo mkubwa, mwanamke wa kutawa. Watu husimulia kwamba kwa kuwa bibi hangeweza kutoka kuliona jumba kwa mbele, mume alimjengea bustanini mfano wake mdogo. Jumba lenyewe baadaye likawa chuo cha wanawake.

Mtaa wa A.C. Guards umebeba jina la kikosi cha wapanda farasi Waafrika wa Nizam, African Cavalry Guards. Kikosi kilivunjwa baada ya India kuitwaa Hyderabad mwezi Septemba 1948, lakini wazao wao, Wasiddi, bado wapo. Na mtaa wa Barkas? Ni neno la Kiingereza la kambi ya askari, lililopindwa na ndimi za Waarabu wa Hadhramaut waliomtumikia Nizam. Hao ni jamaa wa Washihiri wetu wa Mombasa na Zanzibar. Ukiwatembelea asubuhi utakuta sufuria la ngano na nyama iliyopondwa hadi ikawa uji mzito, samli ikielea juu. Wao huiita harees. Wewe utasema bokoboko.